Kurudi Lumbridge: Shajara ya Safari

Ijumaa usiku

Akaunti imefunguka. Barua pepe niliyoitumia enzi za shule bado iko hai, nikaomba nywila mpya, na baada ya dakika chache mhusika wangu akatokea kwenye skrini akiwa amevaa deraya ile ile niliyomwacha nayo. Nimemtazama kwa muda kabla ya kugusa chochote.

Gemu yenyewe ni RuneScape. Ilifunguliwa kwa umma tarehe 4 Januari 2001, kazi ya ndugu wa Kiingereza Andrew na Paul Gower, na ilichezwa ndani ya kivinjari kwa Java. Hilo la kivinjari ndilo lililotuingiza wengi wetu. Hukuhitaji diski ya kununua wala kompyuta yenye nguvu. Hukuhitaji hata ruhusa ya kusakinisha kitu. Ukifungua ukurasa, ukisubiri mstari mwekundu ujae, umefika Lumbridge, mji wa kuanzia, pamoja na watu wa nchi usizowahi kuziona.

Leo kuna gemu mbili zilizotokana na ile moja. Ya kwanza ni ile iliyoendelea kukua na kubadilika, na humo ndimo mhusika wangu wa zamani anamoishi. Mfumo mzima wa kupigana ulibadilishwa Novemba 2012, na baadaye karibu kila kitu kingine kikafuata. Nimemtembeza usiku huu. Ngome ya Lumbridge si ile ngome. Vitufe vimejaa chini ya skrini na sijui hata kimoja kinafanya nini. Ninamiliki mali yangu yote ya ujana, lakini katika nchi ambayo sina ramani yake.

Nimefungua orodha ya marafiki. Wasiokuwepo huandikwa kwa rangi nyekundu. Nimeshuka orodha hadi chini na yote ni nyekundu, majina ambayo mengine nayakumbuka kwa sauti niliyoyabunia mwenyewe, maana hatukuwahi kusikiana. Nimezima kompyuta na sijalala mapema.

Jumamosi

Asubuhi nimeingia gemu ya pili, Old School RuneScape, ambayo ndiyo hasa safari yenyewe.

Historia yake inanigusa kila ninapoifikiria. Kampuni ya Jagex, inayoiendesha gemu, ilikuta nakala ya akiba ya gemu jinsi ilivyokuwa Agosti 2007. Mwanzoni mwa 2013 ikawauliza wachezaji kama waifungue. Kura zaidi ya 449,000 zikapigwa, na tarehe 22 Februari 2013 dunia ya 2007 ikafunguliwa tena. Miti, mabwawa na wauza manyoya wa mji wa Varrock wote walirudi mahali pao. Kilichorudishwa ni nchi tu. Wahusika hawakurudishwa, kila mtu alianza na mikono mitupu, aliyekuwa bwana na aliyekuwa mgeni. Naona ulikuwa uamuzi wa haki. Kama wangeturudishia dhahabu zetu, tungerudi kuwa matajiri na maskini wale wale, tukawa na sababu ndogo ya kuhitajiana.

Kwa hiyo mimi leo ni mtu wa leveli ya 3. Nimepita kisiwa cha mafunzo, nimetua Lumbridge, nimepanda ngazi za ngome ile ile. Mpishi anahitaji yai, maziwa na unga kwa keki ya kuzaliwa ya bwana wake, na sikuhitaji kusoma maelekezo. Miguu ilinipeleka kwenye banda la kuku, kisha kwa ng'ombe, kisha kinuni, juu kabisa kumwaga ngano, kuvuta wenzo, kushuka chini kuchota unga. Nimegundua ninatabasamu peke yangu. Muziki wa Lumbridge ulipoanza, ilinibidi niinuke kidogo kwenye kiti.

Jumapili

Nimeshinda kijijini Draynor nikikata miti.

Hapa nataka nikae kidogo, maana bila kuielewa miti ya Draynor mtu hawezi kuelewa tulikuwa tunafanya nini usiku kucha. Mierebi imepandwa ukingoni mwa maji, hatua chache kutoka benki. Unabofya mti, mhusika anaanza kukata. Gemu hii inakwenda kwa mapigo, pigo moja kila sekunde 0.6, na gogo huja linapotaka. Mkoba una nafasi 28. Ukijaa unakwenda benki, unamwaga, unarudi. Kufika leveli ya 99 ya ustadi wowote kunadai pointi 13,034,431 za uzoefu, na ngazi zinapanda kwa namna ambayo ukifika 92 ndipo umefika nusu ya njia. Kila mchezaji anaijua hesabu hii.

Kwa asiyecheza, hilo linaonekana ni adhabu. Kwetu ndiko mazungumzo yalikozaliwa. Kazi iliuchukua mkono mmoja kila baada ya nusu dakika, ikauacha mwingine huru kuandika. Hakuna aliyefika pale kwa nia ya kutafuta rafiki, mtu alifika kukata miti. Lakini ukisimama kando ya mtu yule yule kwa saa mbili, tena kesho yake, tena kesho kutwa, utamuuliza tu habari zake. Nilijifunza jiografia ya dunia chini ya mierebi ile: kwamba kuna nchi ambako saa tisa alasiri kuna giza, kwamba rafiki yangu wa Ufini alikuwa anatoka shuleni wakati theluji inafika magotini. Tuliulizana kazi za hisabati. Tulijadili Mungu, kwa sentensi fupi fupi zinazoelea juu ya vichwa vyetu na kutoweka.

Leo watu wapo. Nimekuta umati wa kutosha pale benki. Lakini hakuna anayesema neno. Nimesalimia, kimya. Nimesalimia tena baada ya muda, kimya. Sababu si ngumu kuiona. Tangu 30 Oktoba 2018 gemu hii inachezwa pia kwenye simu, na wengi huikatia miti huku macho yako kwenye kitu kingine. Wenye marafiki wanazungumza nao ndani ya klani zao au kwa sauti kwenye Discord, ambako mpita njia hasikii. Na baadhi ya wale niliowasalimia ni roboti, programu zilizoandikwa kukata miti ziuze magogo.

Jioni mtu mmoja kando yangu alipanda leveli, fataki ndogo zikalipuka juu ya kichwa chake. Zamani fataki hizo zilileta mvua ya hongera kutoka kila upande, hata kwa usiowajua. Niliandika hongera. Nikaendelea kukata. Muda mrefu baadaye, nilipokwisha kusahau, aliandika: "Asante. Umenishtua."

Jumatatu

Kazi zimenibana. Nimeingia usiku, nikavua samaki kidogo, nikatoka.

Jumanne

Nimetembea kwa miguu hadi Varrock, nikaenda kusimama mbele ya benki ya magharibi.

Hapa, kwenye Dunia ya 1, yaani seva ya kwanza, zamani palikuwa na kelele isiyo na sauti. Mamia ya watu wanauza na kununua kwa kuandika, kila mmoja akitafuta njia ya kuonekana. Ukianza sentensi kwa neno fulani, maneno yako yalikuwa yanayumba kama wimbi au kubadilika rangi, na tuliyatumia yote. Ulikuwa unanunua makaa ya mawe kwa mtu, mnabishana bei, mnapeana mkono kwenye dirisha la biashara, mara mnajikuta mnaongea habari za mpira. Matapeli walikuwepo pia, wengi, na waliumiza watoto kweli. Dirisha la pili la kuthibitisha biashara liliwekwa kwa sababu yao.

Leo pale benki hapana mtu. Biashara yote iko Grand Exchange, kaskazini-magharibi mwa mji: unamwekea karani bidhaa yako, unataja bei, mfumo unakutafutia mnunuzi ambaye hutamwona. Soko hilo lilikuja Novemba 2007, miezi mitatu baada ya ile nakala ya akiba, kwa hiyo dunia iliyofufuliwa 2013 haikuwa nalo. Watu walipata walichokililia, mitaa yenye kelele ya Varrock. Kisha wakaliomba soko wenyewe kwa kura, likarudi 2015. Kwa miaka mingi jambo jipya lilihitaji asilimia 75 ya wapiga kura ndipo liingie, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa hapa isipokuwa uchovu wa watu wazima wenye saa moja tu ya kucheza. Mimi mwenyewe leo nimeuzia magogo yangu yote pale, na nimeuza haraka. Ila nimeuza bila kujua nani kayachukua, na hilo sijalipenda.

Nimekumbuka deraya. Kuna misheni iitwayo Dragon Slayer, ambayo bila kuimaliza huruhusiwi kuvaa deraya ya kifua ya runi, aina ya chuma. Usiku nilipomuua joka Elvarg, nikarudi nusu mfu, rafiki yangu wa Ufini alikuwa ananisubiri mjini Falador. Alifungua dirisha la biashara, akaweka deraya upande wake, upande wangu hapakuwa na kitu. Nilikuwa sina hata robo ya bei yake. Miezi michache baadaye zawadi ya namna hiyo isingewezekana. Wauzaji wa dhahabu kwa pesa halisi, wengine wakitumia kadi za benki zilizoibwa, walikuwa wameigeuza gemu kuwa kiwanda, na mwanzoni mwa 2008 biashara isiyo na usawa ikafungwa: ulichotoa kilibidi kikaribiane na ulichopokea. Naelewa kwa nini. Lakini nakumbuka jinsi dunia ile ilivyokuwa baridi baada ya kuondolewa uwezo wa kumpa mtu kitu bure. Miaka michache baadaye wachezaji walipoulizwa kama biashara huru irudi, zaidi ya kura milioni 1.2 zilipigwa, na asilimia 91 walisema irudi. Sidhani kwamba wote wale walikuwa wanawaza faida.

Jumatano

Kijiji cha Barbarian, mtoni. Hapa unavua trauti na samoni kwa fimbo na manyoya ya kuku. Nimekuja kwa sababu nakumbuka watu wa mtoni kuwa wasemaji kuliko wa miti, na bado ni hivyo! Mmoja amewasha moto wa magogo kando ya maji ili wenzake wachome samaki bila kwenda mbali. Moto ukizimika, mwingine anawasha. Hakuna aliyepanga zamu.

Wa kwanza kuzungumza alisema mtoto wake amelala mikononi mwake, kwa hiyo anaandika kwa kidole kimoja, tumvumilie. Mwingine aliuliza tulianza mwaka gani. 2004. 2005. 2002, akasema mmoja, na wote tukanyamaza kidogo kwa heshima. Huyo wa 2002 alikuwa akicheza toleo la awali kabisa, lile lililofungwa moja kwa moja tarehe 6 Agosti 2018. Alikuwepo siku ile. Alisema walikusanyika wakaongea mpaka seva ilipowatoa. Sisi tulio na Old School tuna pa kurudi. Yeye mahali pake hapapo, na amekuja kukaa kwetu.

Kisha akaandika mtu aliyekuwa kimya muda wote: "Mimi nilizaliwa 2009."

Dunia hii tunayoiita kumbukumbu iligandishwa kabla hajazaliwa. Tulimuuliza aliipendea nini. Alisema kaka yake alimwonyesha, akaendelea, hana jibu kubwa. Hakuuliza zamani ilikuwaje. Alichouliza kilikuwa cha haja zaidi: "Kuna yeyote hapa ambaye hajamaliza Ngao ya Arrav? Natafuta mwenza tangu wiki iliyopita."

Mimi nilikuwa sijaimaliza.

Ngao ya Arrav ni misheni ya mwaka 2001, na haiwezekani kuifanya peke yako. Ngao ya kale imevunjwa nusu mbili na kuibwa na magenge mawili ya Varrock. Mmoja wenu anajiunga na Phoenix, mwingine na Black Arm, na aliyeingia genge moja hawezi tena kuingia la pili. Mimi nilichagua Black Arm. Wanakutaka uwaibie mahasimu wao pinde mbili, zilizo kwenye ghala lililofungwa, na ufunguo wa ghala unapatikana kwa mtu wa Phoenix tu. Kwa hiyo kijana alikwenda kwa wakuu wake kupewa ufunguo, akanipa. Niliiba pinde, nikapokelewa. Kila mmoja akaichukua nusu yake ya ngao, akaipeleka kwa msimamizi wa jumba la makumbusho, akapewa nusu za vyeti. Tukabadilishana nusu moja moja ndipo mfalme akatulipa, sarafu 600 kwa kila mtu.

Imetuchukua sehemu kubwa ya usiku, maana alikuwa anaitwa na mama yake katikati. Nilimsubiri uwanjani Varrock. Kwa mara ya kwanza tangu nirudi sikuwa natazama dunia hii kutafuta alama za zamani. Nilikuwa na shughuli.

Mtu mwenye haraka angeiondoa misheni hii kwenye gemu. Inakera, inakulazimisha umwamini mgeni, na wengi siku hizi wanaimaliza kwa akaunti zao wenyewe mbili. Natumaini haitaguswa kamwe. Aliyeibuni alielewa kwamba watu hawafahamiani kwa kuwekwa chumba kimoja, wanafahamiana pale mmoja ana ufunguo na mwingine ana mlango.

Alhamisi

Nimefungua tena ile gemu kubwa, akaunti ya zamani, kuangalia orodha. Jina moja si jekundu.

Silijui jina hilo. Lakini watu wamekuwa wakiruhusiwa kubadili majina kwa miaka sasa, na kando ya jina lililobadilishwa huwekwa alama ndogo. Nikaisogelea kwa kishale. Likatokea jina la zamani. Ni yeye, wa Ufini.

Nimeandika nikafuta mara kadhaa, mwisho nikatuma salamu ya kawaida pamoja na jina la mti: "Habari. Mierebi?"

Akajibu haraka kuliko nilivyotegemea: "Haiwezekani."

Tumeongea mpaka usiku wa manane. Anafanya kazi ya umeme, ana watoto, na miaka yote hii hakuacha kucheza, ila alihamia Old School tangu ilipofunguliwa na huingia huku mara chache tu. Nilimwambia habari ya deraya, jinsi nilivyoikumbuka juzi nikiwa Varrock. Haikumbuki kabisa. Alitoa vitu vingi kwa watu wengi wakati ule, alisema.

Anachokumbuka yeye ni kitu nilichokuwa nimekisahau mimi. Kipindi wazazi wake wanatengana, alikuwa anaingia gemu usiku sana na hasemi neno, anakata miti tu. Mimi nilikuwa nakuja kusimama mti wa jirani. Sikumuuliza lolote, alisema, lakini sikutoka kabla yake. Alidhani nilijua. Sikujua chochote. Nilidhani tu kwamba rafiki yangu anataka kufika leveli ya 99.

Tumekubaliana kukutana Jumamosi, Old School, kisiwani Karamja. Nikamwambia mimi bado mchanga, anitafutie kazi ya mtu mdogo. Akasema tutavua kamba kochi, kazi ya polepole, ili tuongee.

Jumamosi

Jana nimevua mpaka vidole vikalegea, kwa sababu kamba kochi wanadai leveli ya 40 ya uvuvi. Nimeifikia asubuhi hii. Nikapanda meli bandarini Port Sarim, sarafu 30, nikashuka Musa Point.

Alikuwa ameshasimama gatini. Amevaa vitu ambavyo sijui hata majina yake, vya mtu aliyekaa dunia hii miaka mingi, na mkononi ana mtego wa kamba wa bei ndogo kama wangu. Tulisimama vigae viwili vinavyopakana. Mwanzoni maongezi yalikwama, tukarukia habari tulizokwisha kumaliza Alhamisi. Kisha mikoba ikajaa, tukaenda kuuza, tukarudi, na mahali fulani katika kwenda na kurudi huko kila kitu kikalainika. Aliniuliza juu ya kazi yangu, nikamjibu kweli, kwa urefu. Mtu mzima huulizwa swali hilo kila siku, ila ni mara chache anapewa saa tatu za kulijibu.

Mchana kijana wa mtoni alinitumia ujumbe kuuliza niko wapi. Nikamwambia aje. Alifika na meli, akajitambulisha kwa rafiki yangu, akatazama deraya zake, akaanza maswali yasiyoisha. Rafiki yangu anamjibu kwa uvumilivu ule ule niliomjua nao.

Shida ya kijana sasa ni Dragon Slayer. Pointi 32 za misheni anazo, na ngao ya kuzuia moto wa joka amekwisha kupewa na mtawala wa Lumbridge. Vipande viwili vya ramani ya kisiwa cha joka anavyo. Cha tatu kiko kwa goblini Wormbrain, ndani ya gereza la Port Sarim, na goblini anataka sarafu 10,000. Kijana yuko tayari kulipa, ingawa itammaliza. Sisi wawili tumemkataza. Kuna njia nyingine: unampiga goblini kwa mishale kupitia nondo za chumba chake, kisha unaivuta ramani kwa uchawi wa leveli ya 33. Kijana yuko 29. Rafiki yangu amesema ana runi za uchawi, vijiwe vya kurogea, za kutosha za kumfikisha, na kwamba kesho jioni yuko huru. Nimesema nami nitakuwepo. Kijana ameandika kwamba lazima kwanza amalize kazi ya hisabati, na rafiki yangu amemuuliza ni swali gani.